Kibodi ya Baba

Jumapili, 4 Mei

Nimempunguza Baba masharubu, nimempa uji, nimemvalisha kofia. Kisha nikafungua barua pepe. Hakuna kitu.

Kampuni iko kimya tangu Ramadhani. Kwenye tangazo lao alikuwapo kijana mwenye tabasamu, ameshika kompyuta ya kiganjani inayoendeshwa na Linux. Kila kipande kinachomoka: skrini, betri, kibodi. Unachagua vyako. Kiwanda hakijaitengeneza bado, ila ukichangia wataitengeneza wakuletee. Nilichangia kabla video haijaisha. Mimi, ninayelipwa kuwaonya watu ofisini wasibonyeze viungo ovyo.

Sababu ni Baba. Kasomesha chuo cha Kurani miaka mingi huko mjini, mpaka kiharusi kikamchukua ulimi na mkono wa kulia. Wa kushoto unatetemeka. Akigusa kioo cha simu zinatoka herufi tatu badala ya moja, na hata hivyo yeye Kiswahili chake hukiandika kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofunzwa. Niliagiza kibodi ya vitufe vya kweli, vya herufi zake. Abonyeze, mashine iseme.

Harusi yangu ni baada ya Idd Kubwa. Nataka aniozeshe mwenyewe. Basi.

Jumatano, 7 Mei

Wameandika. "Wachangiaji wapendwa, tuna habari njema." Habari njema ni kwamba wamebadilisha bawaba. Nani aliwaomba bawaba? Mzigo utatumwa hivi karibuni. Mtu akianza na habari njema, shika mkoba wako.

Otieno, tunayekaa naye meza moja kazini, amenisoma usoni.

"Rukia, hiyo kitu yako imefika ama bado inaogelea?"

Nikamwambia bado. Akacheka. "Wewe ulichanga harambee. Na kwa harambee hakuna mtu hurudi kudai alichotoa."

Nimekasirika mchana kutwa.

Jumatatu, 12 Mei

Athman amekuja kutoka Lavington na gari lake jipya na maoni yake ya zamani. Kaka yangu huyu ana adabu za wageni tu. Anasema yeye ndiye atakayeniozesha, kwani Baba hawezi kutamka, na watu watatucheka msikitini. Ameyasema haya Baba akiwa kwenye kiti chake, mkono mmoja tu kutoka hapo. Baba hana ulimi. Masikio anayo.

Nikasema Baba atatamka, mashine inakuja.

"Mwaka mzima inakuja, dada yangu."

Nimempa chai bila sukari. Kusudi.

Ijumaa, 16 Mei

Nimeshinda na kanda za darsa za Baba. Nakata sauti yake vipande vipande ili mashine izungumze kama yeye. Kazi ya kuchosha. Kanda moja imeliwa na unyevu, nyingine ina jogoo wa jirani kutoka mwanzo hadi mwisho.

Leo nimelipata neno lenyewe, kwenye darsa ya ndoa aliyokuwa akiwapa wafanyabiashara wa Biashara Street. "Nimekuozesha." Safi kabisa, hata jogoo hayumo. Nimelia mezani, nikaosha uso, nikaendelea.

Alhamisi, 22 Mei

Imefika Nairobi! Haijafika kwangu. Fomu yao ilitaka jina la barabara na namba ya nyumba. Nani mtaa wetu huu wa Mountain View anampa mtu namba? Niliandika tunavyoelekezana: geti jeusi, mkabala na kibanda cha maziwa.

Jamaa wa kuleta mizigo akapiga simu. "Madam, niko hapa, lakini hii estate mzima iko na mageti nyeusi. Na kibanda ya maziwa ni ngapi?"

Nilikuwa mkutanoni. Nilipompigia alikuwa ameshaurudisha mzigo mjini. Nimemtukana kimoyomoyo, kisha nimejitukana mwenyewe.

Jumamosi, 24 Mei

Nimeenda mjini kuuchukua. Boksi zuri ajabu, unaona haya kulichana. Nililichana papo hapo, kwenye ngazi za duka la vitambaa.

Skrini. Betri. Kadi ya shukrani. Stika mbili. Na pale pa kibodi, kipande cha boksi kilichokatwa vizuri kwa kipimo chake, kimeandikwa: kibodi itafuata katika awamu ya pili.

Wamenitumia karatasi ngumu. Nimengoja mwaka mzima, nimegombana na kaka yangu, kwa ajili ya karatasi ngumu. Mwenye duka akatoka kuniuliza kama ninaumwa. Nikasema ndiyo.

Nikavuka hadi Luthuli, kwenye maduka ya elektroniki, nikanunua kibodi ya kawaida yenye herufi za Kiarabu. Pana na mbaya kama sinia.

Jumapili, 25 Mei

Kibodi ya Luthuli imekubali mara moja. Nimechomeka tu. Maana yake hii kazi ningeifanya zamani, kwa kompyuta yoyote iliyochoka na kibodi hii hii. Kwa nini sikuifanya? Nilitaka ile ya kwenye video. Hilo ndilo jibu na linanitia aibu.

Nikaingiza vile vipande vya sauti, nikamwekea Baba mapajani juu ya mto. Kwanza nikabonyeza mimi, kumwonyesha. Sauti yake ikatoka, nene, ya zamani: "Nimekuozesha."

Baba akaganda. Kisha akaufunika ule mdomo wa spika kwa kiganja, kama unavyomziba mtoto anayesema mbele za wageni. Nikadhani haelewi. Nikaanza kumweleza. Akainua kidole ninyamaze, akawa anabonyeza mwenyewe, taratibu, herufi moja moja. Mashine ikasema kwa sauti yake:

"Zima."

Nimezima.

Mwaka mzima nimesoma manung'uniko ya wachangiaji wenzangu dunia nzima. Mtu niliyekuwa nikimtengenezea alikuwa chumba cha pili, na sikumwuliza kama anaitaka. Najichukia leo.

Jumanne, 27 Mei

Maalim Bakari amekuja kumjulia Baba hali. Alikuwa mwanafunzi wake, sasa ndiye imamu wetu. Athman hakungoja hata chai iletwe, akaitoa ile hoja yake: mzee hasemi, harusi imekaribia.

Maalim akamtazama kama aliyeshindwa somo jepesi. "Ishara ya bubu ikifahamika, ni maneno. Haya kanifunza yeye mwenyewe." Akamgeukia Baba. "Sheikh, waniwakilisha nitamke kwa niaba yako?"

Baba akatikisa kichwa kukubali. Kisha akanielekezea kidole mimi, akajigusa kifua. Maalim akaelewa kabla yetu: kwanza Baba ataniuliza mwenyewe ridhaa yangu.

Jibu alikuwa nalo siku zote. Mimi na Athman tulikuwa tukigombana juu ya kichwa chake. Athman kaondoka bila kuaga. Sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi.

Jumanne, 10 Juni

Kibodi bado. Badala yake wametangaza toleo jipya, jembamba zaidi, na punguzo kwa sisi waaminifu. Uso hauna haya.

Otieno ameliona tangazo, macho yakamtoka. Anataka kuchangia! Yeye, aliyenicheka. Kaniuliza kama inafaa. Nikamwambia mashine yenyewe si mbaya, skrini ni nzuri, Linux inakwenda vizuri. Lakini kama kuna siku unaihitaji, usichangie. Changia kama huna unachongojea.

"So ni harambee tu."

Ndiyo, nikasema.

Jumamosi, 14 Juni

Alasiri. Siku ya harusi. Wanawake walikaa nami chumbani. Athman alimleta Baba kwa mkono hadi mlangoni, akamwachia. Baba akaingia na mkongojo wake, akakaa mbele yangu. Maalim alisimama nje ya pazia na mashahidi.

Baba akaninyooshea kidole. Akaonyesha upande wa msikitini, ambako bwana harusi alikuwa akingoja. Kisha akaufungua mkono wake wa kushoto mbele yangu, unatetemeka, akaniangalia.

Bibi harusi kwetu hajibu. Akinyamaza, amekubali. Na mimi tangu utotoni najibu kabla sijaulizwa.

Nikanyamaza.

Akangoja, apate hakika. Akaniwekea mkono kichwani. Kisha akautafuta mkongojo wake, akaenda msikitini kuniozesha.