Baba Mkwe Anasema Goti Haliumi

Shangazi Loisi, shikamoo. Nakuandikia kutoka Itumba, na nakuomba unijibu kabla watu wa utafiti hawajarudi huku kwetu, kwa sababu nimeshakata shauri kwamba sitanyamaza, ninachokosa ni namna ya kusema tu.

Mimi ni mke wa dereva wa lori, mwenzangu akishavuka pale Tunduma kwenda Kongo ndiyo basi, narudi kumwona mwezi mwingine, na nyumbani tunabaki mimi, watoto wadogo na baba mkwe, maana mama mkwe alishafariki. Sisi ni Wandali, na baba ni mtu wa mila za zamani, kwake mkamwana na mkwe hawatazamani usoni wala hawakai chumba kimoja, na jina lake silitamki, hata humu silitaji. Tumeishi hivyo kwa amani, chakula chake naweka kibandani, nagonga sufuria, naondoka, naye anakuja anakula, na nikiwa na neno kwake namwambia kuku, "Wewe kuku, leo kuna msiba kwa jirani," na yeye akiwa upande wa pili wa ukuta anasikia.

Sasa magoti yake yamesagika. Walipita hao watu wa utafiti kutoka hospitali wakitafuta wazee wenye magoti mabovu, wanachukua damu na mkojo, na wengine wanavutwa maji ya ndani ya goti, wakatueleza kwamba gegedu la goti likiwa linalika kuna protini zinaingia kwenye damu, na wakizijua vizuri huenda siku za mbele wataweza kuligundua goti linaloharibika kabla hata eksirei haijaonyesha, na kujua dawa ipi imfae nani. Baba alikubali mwenyewe, nikafurahi mno.

Siku ya kwenda hatukuwa na mtu mwingine wa kumsindikiza ila mimi, tukaenda na gari lao, yeye mbele na mimi nyuma kabisa nimejitanda khanga. Kufika, muuguzi ananiuliza jina la mgonjwa, ikabidi nimwonyeshe kadi ya bima. Nikataka kubaki nje, lakini yule muuguzi ni mgeni wa huku, akanishika mkono akaniingiza, "Ndugu wa mgonjwa haachwi nje, mama," na mimi kwa aibu nikageukia ukuta. Akaanza kumuuliza baba, maumivu ni ngapi kati ya moja na kumi? Akasema moja. Usiku yanakuamsha? Nalala vizuri. Chooni unachuchumaa? Nachuchumaa kama kijana. Yote yakaandikwa, damu ikachukuliwa, akaambiwa, "Uko vizuri mzee wangu," na wenzake wenye maumivu makali wakapangiwa kumwona daktari wa mifupa, yeye tukarudi naye nyumbani.

Shangazi, baba anatambaa. Alfajiri natoka kuwasha moto namwona anakwenda chooni kwa mikono na magoti kupitia migombani ili asionekane, nami nainama nyuma ya kuni asijue nimemwona, kisha nalia. Nimempigia mume wangu, anasema ni uzee huo, mwache mzee. Wifi yangu Elina anayeuza vitenge mpakani nimemwambia nataka kumweleza muuguzi ukweli, akanijia juu, "Yaani uende ukawasimulie watu kwamba unamchungulia mkwe wako chooni? Unataka laana wewe!" Nikisema, nimemvua nguo baba. Nisiponena, atatambaa mpaka afe. Usiniambie ninyamaze, hilo nimelikataa. Niambie nisemeje.

Mama Gloria, Itumba

SHANGAZI LOISI ANAJIBU

Mama Gloria, marahaba. Umeniandikia ukiwa umeshaamua, na napenda mtu wa namna hiyo, kwa hiyo sitakupotezea muda.

Kwanza pole. Kumlilia mkwe nyuma ya kuni si jambo dogo, na huyo mzee ana bahati kuliko anavyojua. Lakini na wewe nikuseme kidogo: uliposhikwa mkono na muuguzi ulishindwa nini kusema, "Dada, mimi ni mkamwana, kwetu siingii humo"? Ulinyamaza kwa heshima, na kimya chako ndicho kilichomfunga mzee mdomo. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndiyo, ila mzee wako hakuwa anamficha muuguzi. Alikuwa anakuficha wewe.

Na ujue uongo wa "moja" haumwumizi yeye peke yake. Hao watafiti hawasomi protini tupu. Wanachukua kinachosemwa na damu, wanakiweka pembeni ya kinachosemwa na mgonjwa, waone kama vinapatana. Damu ya mzee huenda ikasema goti linaungua, mdomo wake umesema analala vizuri, na wataalamu watabaki kukuna vichwa, kumbe chanzo ni khanga iliyogeukia ukuta. Usidhani pia kwamba kule kutolewa damu ni matibabu. Bado wanatafuta, na kinachoweza kumsaidia mzee sasa hivi ni yule daktari wa mifupa aliyekoswa.

Kwa hiyo mpigie muuguzi leo. Usimsimulie ya migombani wala ya chooni, hayo uliyaona lakini si yako kuyasema. Zungumza habari zako wewe: "Mimi ni mke wa mwanawe. Siku ile nilikuwemo ndani, na kwa mila yetu baba hawezi kusema maumivu yake mbele yangu. Naomba aulizwe upya, aulizwe na mwanamume, na mimi nisiwepo." Hapo hujamvua mtu nguo, na mtafiti mwenye akili ataelewa kwamba yale majibu ya kwanza hayafai. Huyo Elina anayeogopa laana mwambie Shangazi anauliza lini atafunga kibanda cha vitenge aje kumwona baba yake.

Mumeo naye nimpe lake. Baba Gloria, lori likianza kugonga chini ukiwa njiani huwa unasema ni uzee, au unasimama uangalie? Mpigie baba yako mdogo, au rafiki yeyote wa mzee wa rika lake, aende naye siku ya kuulizwa upya, akae naye humo ndani. Wanaume wazee wakiwa wenyewe husema mpaka yasiyoulizwa. Huyo huyo amuulize ni vidonge gani anakunywa kisirisiri, maana vya kuuzwa mkononi kutoka ng'ambo ya mpaka vimeshawaharibia wengi matumbo na figo, na daktari lazima avijue.

Wakati mnasubiri, tafuta fundi akuchongee kiti cha mbao chenye tundu cha kuweka juu ya shimo la choo, na nguzo mbili imara za kushikia. Mtu akiuliza ni cha nani, sema ni cha wageni. Mzee hataulizwa kitu, na hatachuchumaa tena.

Limebaki neno la kumwambia yeye mwenyewe, na njia unayo, uliniandikia bila kujua. Mila iliyoweka ukuta kati yenu ndiyo iliyokupa kuku. Siku moja kabla ya gari kuja, simama upande wako wa ukuta, sauti iwe ya kutosha, umwambie: "Wewe kuku, kesho wanakuja kuuliza habari za magoti. Mimi nitakuwa shambani tangu asubuhi, sitasikia lolote. Kama goti linauma kumi, sema kumi."

Kisha ondoka hapo upesi, mwanangu, uende mbali, umwache anyanyuke bila kuonwa.