Rangi ya Lango la Nyuma

Lubumbashi, Jumapili

Yaya Syntiche, dada yangu mkubwa,

Samaki wakavu uliowatuma kutoka Kasenga wamefika. Miguu inaniuma, lakini kazi naenda.

Kila Jumapili mashabiki wanakusanyika nje ya uwanja, wanabishana juu ya wale kumi na tisa waliokufa kwa kukanyagana siku ya mechi.

"Ni bapolisi, balitupa gaz ya machozi!"

"Hapana, papa, ni comité. Baliuza tiketi mingi."

"Na ule mwenye alisoude mulango, iko wapi?"

"Iko anakula bukari yake, polepole!"

Wakacheka. Nilikuwa katikati yao, Yaya, na brashi mkononi.

Ni mimi niliyelichomelea lango la nyuma, wasio na tiketi wasipite. Shefu wangu wa kazi hapa uwanjani aliamuru, nikatii. Kisha nikalipaka rangi ya buluu, na watu walipolisukuma ilikuwa haijakauka. Alama za viganja zilibaki upande wa ndani. Shefu anataka nizifunike. Nimezipaka mara nne. Kila asubuhi zimerudi, mbichi, zinanata kidoleni.

Kiganja kimoja kina vidole vinne. Unajua ni cha nani. Wewe ndiwe uliyemfunga mdogo wetu Hénoc kitambaa siku injini ya mtumbwi ilipomkata kidole. Ulipomlilia hapa msibani, sikukuambia lango ni kazi yangu.

Kesho nitakwenda kwa jaji, nitaje jina la shefu na langu. Mwambie Mama wewe, asiambiwe na mashabiki.

Leo sikupaka. Niliweka kiganja changu juu ya chake. Chuma kilikuwa na joto.

Mdogo wako,
Mwaba