Mzani Niliotunga Umehamia Kambini

Kianjokoma, Embu
Jumapili, 6 Novemba 1955

Mpendwa mshauri Bi Sahro, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi ya tarehe 19, kwa maana siku hiyo natakiwa kusimama mbele ya watu wa kijiji cha Manyatta niwasomee kitabu nilichokitunga mwenyewe, na nikisoma nitaumiza watu nisiowajua, na nisiposoma nitaumizwa mimi na shemeji yangu hatarudi. Barua hii nimempa Ahmednoor, msafirishaji wa Meru mjini anayeleta chumvi na vitambaa kwenye maduka yetu, kwa sababu barua za posta huku hufunguliwa zote, na yeye lori lake hawalipekui sana. Ukiichapa gazetini, tafadhali badilisha jina la mahali.

Mimi ni mwalimu wa darasa la sita. Tangu tuhamishiwe kijiji kipya mwaka jana, chenye handaki pande zote na lango moja, nimeona jinsi watu wanavyochunguzwa kama wanawasaidia wapiganaji wa msituni, wanapangwa mstari, analetwa mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho, akiitikia kwa kichwa umekwisha, unaandikwa mweusi na kupelekwa kambini, na asipoitikia unaandikwa mweupe au wa kijivu na unarudi nyumbani, na mimi nikajiuliza, hivi hawa wenye akili za kutengeneza redio na ndege, siku wakichoka na gunia, watatengeneza nini?

Ndipo nikaanza kuandika. Nilijaza madaftari matano, hadithi ya mwaka 2000, ambapo kila asubuhi kabla ya kwenda shamba mtu anapanda juu ya mzani, si mzani wa kilo bali wa moyo, una mshale na rangi tatu, nyeupe, kijivu na nyeusi, na mwenye moyo mzito anachukuliwa. Kuna mama mjane katika hadithi hiyo, moyo wake ni mzito kwa kumlilia mumewe, lakini mzani haujui huzuni wala hatia, unajua uzito tu, kwa hiyo mshale unaenda kwenye nyeusi na anachukuliwa. Mwishowe wanabaki watu wepesi, wasiompenda mtu wala kumlilia mtu, mashine zote zinafanya kazi vizuri na nchi imekufa. Nilitaka kusema kwamba ufundi wa mashine ukikosa huruma hautatuokoa, utatufanyia lile lile la gunia kwa usafi zaidi. Nilidhani nimesema jambo kubwa.

Sasa sikia kosa langu. Jumamosi mchana, baada ya kazi ya lazima ya handaki, huwa nawafundisha wanawake kusoma, na Jumamosi mbili niliwasomea madaftari yangu, nikiyageuza kwa Kiembu kadiri ninavyosoma, nikawaona wamenyamaza kabisa, hata wenye watoto mgongoni, nami nikafurahi. Sikukumbuka kwamba kwetu hadithi husimuliwa kwa mdomo, jikoni, ina maneno yake ya kuanzia na watu huitikia, na karatasi husomwa kwa mambo ya kweli tu, Biblia, amri za Serikali, na habari za ugonjwa wa ng'ombe. Mimi nilifungua daftari nikaanza tu kusoma, na wale kina mama wakapokea habari za mashine iliyopo.

Habari zikamfikia Murithi, hedimani wetu, yaani mkuu wa kijiji aliyewekwa na Serikali, ambaye pia ndiye mkubwa wa homgadi, wale walinzi wenye bunduki. Yeye hakuamini, yeye alielewa. Alikwenda zahanati akachukua mzani wa kusimamia wanaopimia wagonjwa na akina mama wenye watoto, dresa Mwiti, mhudumu wa zahanati, akajaribu kumzuia akasukumwa, Murithi akaupeleka kambini kwake kwa homgadi, akaufunga nyaya za redio iliyokufa, akapaka sahani yake ya mshale rangi tatu, akauzungushia blanketi. Jumatatu akaita wanawake mmoja mmoja.

Wa tatu alikuwa Muthoni, ambaye mumewe alipigwa risasi mwezi wa nne kule ukingoni mwa msitu, na mpaka leo hatujui ni risasi ya nani. Muthoni alikuwa amekaa mstari wa mbele siku niliposoma habari za mjane. Aliutazama ule mzani akajua kwamba lazima utamhukumu, akaona heri aseme kabla haujasema, hata mguu hakuuinua. Akasema kwamba mwezi wa pili yeye na Karimi waliacha viazi msituni kwa watu wa huko, na ni kweli waliacha, kwako siwezi kuficha. Muthoni akarudishwa nyumbani kwa kuwa amekiri. Karimi alichukuliwa siku hiyo hiyo, yuko kambi ya wanawake, mbali. Karimi ni dada mkubwa wa mke wangu Ednah, na watoto wake wanne wako nyumbani kwangu, wa mwisho alikuwa bado ananyonya.

Alhamisi Murithi aliniita. Nilidhani nimekwisha, kumbe alinipa kiti na chai. Akaniambia, "Mwalimu, wewe ni mtu ya maana sana. Mimi nimepiga watu miaka mbili, hawasemi. Wewe na kalamu tu, wamesema." Anataka nisome Manyatta na baadaye vijiji vingine, mzani ukitufuata nyuma kwenye gari. Akaongeza, "Lakini toa huyo mama mjane kwa kitabu. Andika hiyo mashine haiwezi kukosea." Nikifanya hivyo Karimi atarudi, ameniahidi, na nisipofanya atapeleka madaftari yangu kwa Bwana D.O., afisa Mzungu wa wilaya, amwonyeshe yale maneno ya mwisho, ya nchi iliyokufa.

Nimeuliza watu wawili bila kueleza yote. Mbaabu, mwalimu mwenzangu, anasema habari za mashine zisizokuwepo ni mchezo wa watoto, ningeandika jinsi ya kuzuia mmomonyoko wa udongo hakuna ambaye angeshikwa. Mchungaji anasema kutunga kisichokuwepo ni uongo, nichome. Mimi sijui tena. Je, ni dhambi kuandika habari za kesho ili watu waione leo? Je, nisome nimwokoe Karimi, nikijua kwamba huko Manyatta kuna kina Muthoni wengine?

Na kuna jambo nilitaka kuliacha. Siku ile baada ya kusoma, Muthoni alibaki nyuma akaniuliza, "Mwalimu, hiyo mashine iko Nairobi ama itakuja huku?" Nilikuwa nimejaa sifa, nikamjibu, "Itakuja kila mahali." Nilimaanisha jambo la kifalsafa. Ednah hajui. Hamsalimii Muthoni tena, wanakutana mtoni anageuza uso, na wanawake wengine wamemfuata, Muthoni anachota maji peke yake, na kila Ednah akimtukana mimi nanyamaza nakula.

Nijibu haraka, nakuomba. Ni mimi,
Mwalimu wa darasa la sita


JIBU LA BI SAHRO

Mwalimu,

Barua yako haitatoka gazetini, hata nikibadilisha majina ya mahali mara kumi. Nakurudishia pamoja na jibu hili kwa mkono wa Ahmednoor. Zichome zote mbili ukishasoma. Umetaja jina la Muthoni, la Karimi, la dresa, la mwalimu mwenzako, hata la mkeo, ukalificha lako peke yake. Barua hii ingeshikwa njiani, wewe ungebaki mwalimu wa darasa la sita na wao wangekuwa kambini. Nimekasirika, na nataka ujue hivyo kabla hatujaendelea.

Nakuonea huruma pia. Mimi nilizaliwa Maua, baba yangu akiuza vitambaa, na nakumbuka wazee wakimletea karatasi awasomee, wakivua kofia kabla hajaanza. Kwa hiyo siwacheki wale kina mama, na wewe usithubutu kuwacheka. Waliamini mwalimu. Walikuwa na kila sababu.

Umeuliza kama ni dhambi kuandika habari za mashine zisizokuwepo. Si dhambi, na mchungaji wako akumbuke ni mifano mingapi anayosoma kila Jumapili. Huyo Mbaabu naye mwache na udongo wake. Mtu anayeishi ndani ya handaki ana haki ya kuwaza mwaka 2000, na ana haki ya kuuogopa. Madaftari usiyachome, yafiche. Lakini hadithi yako ina kasoro kubwa, nami nitakuambia kwa kuwa wengine watakusifu. Nimesoma maelezo yako mara tatu nikitafuta mtu anayeuwasha huo mzani asubuhi. Hayumo. Kuna mashine, kuna wanaopimwa, na nafasi ya mwenye kuishika umeiacha wazi, kana kwamba mizani hujileta yenyewe vijijini. Murithi aliiona hiyo nafasi akaingia. Ukiandika tena, muweke huyo mtu, mpe uso na mshahara na chai ya kukaribishia wageni. Na kando yake umweke msomi aliyewaandaa watu waogope, akafurahi waliponyamaza.

Sasa mambo ya kufanya, maana siku ni chache.

Karimi hatarudi kwa ahadi ya Murithi. Hedimani anaweza kumpeleka mtu kambini kwa neno moja, ila hati ya kumtoa husainiwa na wakubwa ambao Murithi akiwaona husimama wima. Amekuuzia kitu asichokuwa nacho. Ukitaka kumsaidia Karimi, mwombe mchungaji aandike kwa wenye kambi kwamba kuna mtoto aliyeachishwa ziwa kabla ya wakati, aandike kila mwezi bila kuchoka. Haitakuwa haraka, na sitakudanganya kwamba ni hakika.

Kesho asubuhi dresa Mwiti aandike kwa mkubwa wake kwamba mzani wa zahanati umeazimwa haujarudi, watoto hawapimwi, naye anaogopa kulaumiwa. Asitaje kambi, asitaje mioyo, asikutaje wewe. Barua hiyo haina siasa hata chembe, na Wazungu wanajali sana vitu vyenye namba ya Serikali. Utaona jinsi gari litakavyokuja kuufuata.

Jumamosi nenda Manyatta. Usikatae. Lakini madaftari yaache yamefungwa mkononi, umwambie Murithi kwamba watu hushika maneno vizuri wakitazamwa usoni. Kisha simulia kwa mdomo. Anza na maneno yale aliyoanzia bibi yako alipokuwa akikusimulia habari za fisi, usimame mpaka watu wakuitikie, na wasipoitikia uyarudie. Wakiitikia tu, Manyatta nzima itajua imekalishwa kwenye hadithi, na hakuna mtu anayekiri mbele ya fisi wa hadithi. Mjane usimtoe. Murithi atakasirika, siwezi kukuahidi usalama wako, lakini atakushtaki kwa lipi? Alikutaka uwaeleze watu habari za mzani, nawe umewaeleza.

Yote hayo unaweza kuyafanya na bado ukabaki mtu mbaya, kwa hiyo sikiliza hili la mwisho.

"Jambo la kifalsafa." Mwanamke aliyezika mume kwa risasi isiyojulikana alikuuliza swali la hofu, wewe ukampa jibu la kupendeza. Ungesema, "Mama, haipo, nimeitunga," Karimi angekuwa nyumbani leo. Na tangu siku hiyo Muthoni anabeba lawama yako pamoja na ndoo yake, mke wako akimtukana, na wewe unakula.

Nenda kwake leo, mchana, mbele ya watu, umwambie mashine ile haikuwahi kuwepo na kwamba wewe ndiye uliyemwambia itakuja. Halafu rudi nyumbani umwambie Ednah maneno yale yale, usiyalainishe, usimlete Murithi katikati. Sijui atakujibu nini. Umeniandikia kurasa nne za Murithi na Bwana D.O. na mwaka 2000, lakini mtu unayemwogopa kuliko hao wote anakupikia chakula kila siku, na amekuwa akimchukia mtu asiyestahili.

Bi Sahro