Kitenzi cha Kusikia na Kitenzi cha Kufa

KAMATI YA KAMUSI YA KIMARI, WILAYA YA MORKI, URUSI
Kikao cha tarehe 14 Machi 1993, chumba cha maktaba

Waliohudhuria: Bw. Yanysh Toktarov (Mwenyekiti), Bw. Pektemir Saldakov, Bi. Elvika Yambarsheva (wa posta), Bi. Tayra Ozambayeva (Katibu).
Asiyehudhuria kwa udhuru: Bi. Oksalche Toktarova, mke wa Mwenyekiti, amelazwa Kazan.

KUMB. NA. 1/93: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:00 asubuhi.

KUMB. NA. 2/93: SIMU YA IJUMAA
Bi. Elvika alieleza kwamba simu ya Kazan ilikuwa ikikwaruza. Muuguzi, Mmari mwenzetu, alisema "Oksalche kolyn", yaani amesikia, kwani upasuaji wa masikio ulifanikiwa baada ya miaka mingi ya uziwi. Bi. Elvika alisikia "kolen", amekufa, akampelekea Mwenyekiti taarifa ya msiba. Aliomba radhi akilia. Mwenyekiti alimjibu: "Dada Elvika, nyamaza. Leo nina mke. Nikukasirikie kwa lipi?"

KUMB. NA. 3/93: SHUKRANI
Ilibainika kwamba Bw. Saldakov, ambaye tangu vuli hasalimiani na Mwenyekiti kwa sababu ya ubishi juu ya kitenzi hichohicho, alikwenda makaburini bila kuombwa, akawasha moto juu ya ardhi iliyoganda, akachimba kaburi mpaka simu ya pili ilipoleta ukweli. Mwenyekiti alimshukuru kwa kumshika mikono. Bw. Saldakov alisema: "Shukrani weka. Kalifukie mwenyewe, mgongo wangu umekwisha." Wajumbe walicheka.

KUMB. NA. 4/93: ASILI YA "KOLASH"
Bw. Saldakov alikuwa akishikilia kwamba kolash (umbo la msingi la kolyn na kolen), yaani kolash ya kusikia na kolash ya kufa ni kitenzi kimoja. Mwenyekiti alirudia kwamba Wafini wana kuulla (kusikia) na kuolla (kufa), Wahungari hall na hal vivyo hivyo. Ndugu zetu hao wa lugha tuliachana nao maelfu ya miaka iliyopita, na kila mmoja ametunza viwili. Ndiyo maana wataalamu hukisia mizizi miwili katika lugha mama ya kale tuliyotoka sote. Bw. Saldakov alisema: "Juzi shimoni niliomba viwe viwili. Andikeni viwili."
Azimio: viwe vidahizo viwili, kila kimoja na maelezo yake kamusini.

KUMB. NA. 5/93: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa 5:20 ili Mwenyekiti awahi basi la Kazan. Bi. Elvika alimfungia chapati za tabaka tatu za mgonjwa. Alipoulizwa atamwambia nini mkewe, Mwenyekiti alisema: "Jina lake tu. Miaka yote hii nimekuwa nikimwandikia."

Y. Toktarov, Mwenyekiti (ametia sahihi akiwa amesimama)
T. Ozambayeva, Katibu