Saa Niliyoivaa Kama Bangili

Jumatatu, 3 Machi
Nimesuka maziwa. Kibuyu mapajani, macho nusu wazi. Ukungu bado bondeni. Ile sauti, kwachu, kwachu, imenibeba mpaka jikoni kwa marehemu mama. Nina miaka saba, nangoja kulamba siagi. Saa aliyonipa binti yangu Ghati inacheza mkono wa kulia pamoja na bangili. Inapima mapigo ya moyo na kumtumia yeye kwenye simu, huko Migori, ng'ambo ya mpaka. Inameta. Mama wa miaka hamsini na mbili, bado napenda vinavyometa.

Jumanne, 4 Machi
Ghati kapiga simu. Eti jana moyo ulifika mia na hamsini na nane. Nilikuwa nakimbia? Nikamwambia nilikuwa nimekaa. Hapo ndipo alipotishika.

Alhamisi, 6 Machi
Nimesuka tena, jicho kwenye saa. Mia na sitini. Naogopa. Ghati anakuja Jumamosi na gari. Eti nihamie kwake, ng'ombe wauzwe. Ni watatu tu, ila ndio wananiamsha. Nimelia kidogo zizini. Hawakujali.

Ijumaa, 7 Machi
Zahanati. Muuguzi kanishika mkono kwa vidole viwili, akahesabu akitazama saa ya ukutani. Sabini na sita. Kisha akaitazama yangu.
"Mama Ghati, hii umeivaa kama bangili."
Kweli. Kwangu kitu cha mkononi lazima kicheze. Kumbe inamulika damu chini ya ngozi. Ikilegea na kurukaruka juu ya mfupa, inahesabu mtikiso. Ilikuwa inahesabu kibuyu. Akaihamishia mkono wa kushoto, unaotulia ninaposuka, vidole viwili juu ya mfupa, akaikaza. Nimeona haya mpaka masikioni. Siku nne nzima nakiogopa kibuyu.

Jumamosi, 8 Machi
Ghati kafika na pikapu tupu. Sikubishana. Nimemkalisha, nikasuka mbele yake. Themanini na moja. Nikairudisha saa mkono wa kulia, kwenye mfupa, nikalegeza, nikasuka tena. Ikapaa mia na hamsini na kitu. Kaangalia simu, kaniangalia mimi, kacheka mpaka kufuta machozi.
"Basi baki, Mama. Lakini ivae vizuri."
Pikapu imerudi Migori na chupa mbili za samli.

Jumatano, 19 Machi
Namba nzuri, wiki nzima na zaidi. Ghati hajapiga tangu Jumapili ya tarehe tisa. Hana sababu ya kupiga.
Ukungu umepanda mpaka mlangoni. Ng'ombe wanaonekana vichwa tu, kama wanaogelea. Nimeiegemeza simu dirishani. Nimeirudisha saa mkono wa kulia, kwenye mfupa, nikalegeza mkanda tundu moja.
Moja tu. Nikilegeza mawili, ataleta gari.
Nimechukua kibuyu.