Niliwauliza Wakwe Mara Mbili Kama Wanaipenda Pua Yao

Mama Selpher, nakuandikia kwa sababu mchumba wangu anakaribia kuniacha kwa ajili ya pua, na kabla hujacheka tafadhali nisikilize hadi mwisho. Mimi ni msichana wa Amalemba, hapa Kakamega, nasoma shahada ya pili, na utafiti wangu unahusu hojaji inayowauliza watu waliofanyiwa upasuaji wa kurembesha pua kama wameridhika na matokeo, hojaji ambayo Wairani walikwisha kuitafsiri kwa Kiajemi na kuihakiki, basi mwalimu wangu akasema nasi tuwe na yetu ya Kiswahili. Wagonjwa tuliwapata Nairobi kwa simu, lakini kazi hii inadai pia watu wa kulinganisha nao, watu wa kawaida ambao pua zao hazijawahi kuguswa na kisu, na mimi kwa haraka ya kumaliza nikakumbuka kwamba kwa kina mchumba wangu Clifford, huko Khwisero, Jumapili hapakosi watu.

Nikaenda. Walinichinjia ingokho, yule kuku wa heshima wa mgeni, tukala, wakatia sahihi karatasi za kukubali, nikawasomea maswali mmoja mmoja: unaridhika kiasi gani na umbo la pua yako, unadhani jamaa zako wanaipenda, ungetaka kuibadilisha. Walicheka sana. Mzee Osundwa, babake Clifford, alisema, "Mimi hii napumuanga nayo tu, sijawahi iuliza kitu," nikamwekea alama za juu kabisa.

Shida ni kwamba hojaji haihakikiwi kwa kuulizwa mara moja, lazima baada ya wiki mbili urudi kwa watu wale wale na maswali yale yale uone kama majibu yanasimama, nami nikarudi, nikazitoa zile karatasi. Safari hii nikaletewa chai ya rangi tu. Mzee akaniambia, "Msichana, uliuliza, tukajibu. Sasa umerudi kuuliza tena. Kwani tulikudanganya?" Nikaanza kueleza mambo ya takwimu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kujishika pua, maana ile familia yote ina pua moja, Clifford akiwemo, na si pua ya kupita bila kuonwa. Mwishowe mamake akaniuliza, "Na wewe, hii pua ya kijana wetu unaionaje?" Hapo ndipo nilipojimaliza, kwa sababu tulifundishwa kwamba mhoji akitoa maoni yake anaharibu majibu, nikamwambia kwa heshima, "Mama, mimi siruhusiwi kusema."

Tangu siku hiyo mazungumzo ya mahari yamesimamishwa, Mzee ameiondoa picha yake ya harusi ukutani, Clifford hapokei simu zangu, na juu ya hayo majibu ya mara ya pili yameporomoka hadi mwalimu anashuku tafsiri yangu ni mbovu. Nampenda Clifford na sitaki kumpoteza. Je, nimwombe mwalimu awaandikie wakwe barua rasmi ya kuwaeleza utafiti?

Mhoji, Amalemba

Mhoji, nilijitahidi nisicheke, nikashindwa nilipofika kwenye chai ya rangi. Pole, ila pole yangu ni fupi.

Barua rasmi ya chuo kikuu kuhusu pua za familia? Usithubutu. Hiyo itasomwa hadi kwenye matanga ya wajukuu wao.

Binti, ulikuwa na Kakamega nzima. Sokoni, kwenye steji, kanisani, wamejaa watu wenye pua zisizoguswa ambao hawana kijana wa kukuoa. Wewe ukaenda kwa watu ambao kila ukiingia kwao wanajiuliza kama umewapenda. Mtu kama huyo ukimuuliza mara ya kwanza anaona ni mchezo, ukirudia anaenda kutafuta kioo. Majibu yao yatoe kwenye utafiti na umweleze mwalimu kwa nini. Tafsiri aiache, haina kasoro. Iliwafikia watu mpaka ikawauma.

Sasa tuje kwako. Mama mkwe alikuuliza swali moja, lile ambalo mama yeyote wa kijana angeuliza, ukajificha nyuma ya chuo. Nami nimeipekua barua yako: umesema unampenda Clifford, umesema pua yake si ya kupita bila kuonwa, na hakuna mahali umesema unaipenda. Hata mimi ningenuna.

Jumamosi nenda Khwisero na shangazi yako, kwa sababu jambo la wakwe msichana halimalizi peke yake. Beba sukari na majani chai, kalamu iache nyumbani. Mwombe Mzee radhi kwanza, na neno utafiti lisikutoke mdomoni. Kisha mgeukie mama umwambie umemletea jibu lake, ulitoe Clifford akiwa ameketi hapo hapo.

Ila kabla ya kuondoka Amalemba, lijaribu hilo jibu ukiwa peke yako. Likikukwama kooni, usiende, mwachilie kijana wa watu mapema. Pua hiyo utaizaa, na kuna siku mtoto atakuja kukuuliza wewe unaionaje.