Sauti Uliyomrekodia Kiduchu

Baba Kiduchu,

Salamu. Sisi hatujambo. Kiduchu wetu, aliyezaliwa kabla ya miezi saba kutimia, sasa ana kilo mbili na robo, na akikushika kidole hakiachii. Shemeji, mdogo wako, amefundishwa kumlaza kifuani, ngozi kwa ngozi. Anakaa kama aliyepakata trei ya mayai. Mama anamcheka mpaka machozi.

Yule dada anayemfanyisha Kiduchu mazoezi bado anakuja kila Jumanne. Ndiye aliyesema mtoto njiti anahitaji familia nzima, na kwa kuwa uko mbali kikazi, basi uturekodie sauti yako ukimsemesha. Ukatuma. Wiki tatu nimemwekea asubuhi na jioni, na kila mara nilizima ukishasema, "Baba anakupenda."

Jumanne hii mikono yangu ilikuwa na sabuni, nikaiacha iendelee. Kimya kidogo, halafu mtoto mwingine, mkubwa wa kutosha kusema vizuri, akaita: "Baba, mama anasema chakula tayari!" Nawe ukajibu, "Nakuja, mwanangu."

Dada wa mazoezi akajifanya anakunja mkeka. Na mkeka ulikuwa umeshakunjwa.

Usihangaike kurekodi nyingine. Tutaendelea kumwekea hiyo hiyo, tena mpaka mwisho, maana inamsaidia. Wewe unapoongea anatulia tu. Ila ikifika pale kwa yule mwingine, Kiduchu anageuza kichwa, anamtafuta ndugu yake.

Ni mimi,
mama wa huyu mdogo.